Kupima kasi ya risasi: gogo, vihisi vya mwanga, maikrofoni, kamera au rada?

Mwanafunzi akiniuliza ni kifaa gani kinapima kasi ya risasi vizuri kuliko vingine, humrudishia swali: risasi ikiwa wapi? Ikiwa bado ndani ya mtutu inasukumwa na gesi, ikiwa ndiyo kwanza imechomoka, ikiwa njiani inashindana na hewa, au ikiwa imeshagota? Kila kifaa kina kituo chake kwenye safari hiyo. Mabishano mengi ya majibu yasiyolingana niliyowahi kuamua maabara hayakuhusu usahihi hata kidogo. Watu walikuwa wamepima vitu viwili tofauti wakavipa jina moja.

Hapa nazipanga njia tano ambazo mwalimu, mwanafunzi wa chuo au fundi wa maabara anaweza kuzifikiria, na mwisho naingia ndani ya mtutu, ambako kipimo ni shinikizo, si kasi tena. Mifano yangu ni ya mtambo wa hewa iliyobanwa au wa springi, wa kurusha kidonge chepesi cha madini ya risasi au gololi. Baruti ni kazi ya maabara zenye kibali, lakini hatuwezi kuikwepa kwenye mazungumzo, maana elimu hii yote ilizaliwa kwayo.

Gogo linaloning'inia

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu kuhusu misingi ya upigaji mizinga, na ndani yake mlikuwa na ujanja mmoja uliobadilisha kila kitu. Saa za wakati ule zisingeweza kuifuata risasi. Robins hakuifuata. Alitundika gogo zito la mbao, akalipiga risasi, gogo likapokea mwendo wote na kubembea polepole kiasi cha jicho kuona. Utepe uliofungwa chini ya gogo ulivutwa kadiri lilivyosogea, na urefu wa utepe uliovutwa ndio uliompa jibu. Kwa njia hiyo alipata kasi za karibu mita 500 kwa sekunde kwa risasi za bunduki, na alipolisogeza gogo mbali zaidi aligundua kwamba hewa inaipunguza risasi kuliko wataalamu wa siku zake walivyokuwa tayari kukubali. Miaka mitatu baadaye mwanahisabati Leonhard Euler alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani, na kukijaza maelezo yake mwenyewe.

Tuliweke gogo hilo mezani. Kidonge cha nusu gramu kinakwenda mita 150 kwa sekunde, kinagota kwenye gogo la gramu 500 na kubaki humo. Momenta, yaani tungamo mara kasi, haipotei, kwa hiyo gogo na kidonge vinaondoka pamoja kwa kasi ya mita 0.15 kwa sekunde. Gogo litapanda juu kiasi gani? Milimita 1.1 tu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakiwa na rula mkononi na kitu kilichopanda unene wa kucha. Dawa yake ni kutopima kupanda. Pima kusogea. Gogo hilo likining'inia kwa kamba za mita 2, litakwenda kando karibu sentimita 6.8, na kosa la milimita moja hapo ni kosa la asilimia moja na nusu tu. Gogo ni lilelile, risasi ni ileile. Aliyepima kando ana jibu, aliyepima juu ana kubahatisha.

Kuna kosa lingine ninaloliona kila muhula, nami nalipenda kwa sababu linafundisha kuliko somo lenyewe. Mtu anasema nishati haipotei, basi nishati ya kidonge ni sawa na nishati ya gogo lililopanda. Anapiga hesabu na kupata mita 4.7 kwa sekunde. Kidonge cha kasi hiyo ungekidaka kwa mkono. Ukweli ni kwamba wakati wa kugota, nishati iliyobaki kuwa mwendo ni sehemu moja tu katika elfu. Nyingine zote zimekwenda kuchimba tundu, kupasha moto na kukibonda kidonge. Hakuna kifaa cha kidijitali kitakachokufundisha jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Kasoro za gogo ni za kweli. Ni la polepole: piga, subiri litulie, soma, pima uzito upya kwa sababu kidonge kimebaki ndani. Likining'inia kwa kamba mbili hujizungusha kila ukikosa katikati, hivyo kamba nne ni lazima. Kidonge kikitoboa na kutokea upande wa pili, jibu linakuwa dogo kuliko ukweli. Kikigonga na kurudi nyuma, linakuwa kubwa. Kwa upande mwingine, linakupa kasi ya pale pale lengo lilipo, na vifaa vyake ni mizani, uzi na rula.

Liko pia toleo lililogeuzwa. Benjamin Thompson, ambaye baadaye aliitwa Count Rumford, alichapisha mwaka 1781 majaribio ambayo mtutu wenyewe ndio ulioning'inizwa, akapima unavyorudi nyuma. Wazo zuri, ila mtutu haurudishwi na risasi peke yake. Gesi inayotoka nyuma ya risasi nayo inausukuma, na Rumford ilimbidi apige baruti bila risasi ili ajue sehemu ya gesi ni ipi. Kwa mwanafunzi wa leo nalishauri toleo hili pale tu anapotaka kujua gesi inabeba momenta kiasi gani. Kama anataka kasi ya risasi, linaongeza mzigo bila faida.

Vihisi viwili vya mwanga

Hii ndiyo njia ambayo wengi wataishia kuichagua, na kwa sababu nzuri. Kidonge kinakata mwale wa kwanza, saa inaanza. Kinakata wa pili, saa inasimama. Gawanya umbali kwa muda, umemaliza.

Babu yake ni kifaa cha ofisa wa jeshi la Ubelgiji, Le Boulengé, cha miaka ya 1860. Risasi ilikata waya wa kwanza, sumaku ya umeme ikaachia fimbo ndefu ianguke. Ikakata waya wa pili, sumaku nyingine ikaachia fimbo fupi, ambayo ilipofika chini ilifyatua kisu kikachora alama kwenye fimbo ndefu iliyokuwa bado inaanguka. Muda ulisomwa kwa mvutano wa dunia wenyewe: fimbo iliyoanguka kwa sehemu ya kumi ya sekunde imeshuka sentimita 4.9. Kilichonivutia zaidi ni tahadhari yake. Kabla ya kupiga, waya zote mbili zilikatwa kwa wakati mmoja, na alama iliyotokea ilikuwa ndiyo uzembe wa kifaa chenyewe, ikatolewa kwenye hesabu. Anayetumia vihisi leo na hafanyi jambo la namna hiyo yuko nyuma ya mwaka 1870.

Tuseme vihisi vyako vimeachana sentimita 30 na kidonge kinakwenda mita 300 kwa sekunde. Muda wa kupita ni milisekunde moja kamili. Saa inayohesabu mikrosekunde itapiga mara elfu moja hapo, hivyo kosa la saa ni sehemu moja kwa elfu. Lakini je, una hakika na zile sentimita 30? Ukikosea milimita moja tu, kosa ni sehemu tatu kwa elfu, mara tatu ya kosa la saa. Watu wanatumia fedha kutafuta saa ya kasi zaidi wakati tatizo lao ni rula. Sogeza vihisi viachane mita nzima na kosa la rula linakuwa dogo bila kununua chochote.

Mambo yanayoviharibu ni machache. Pumzi ya hewa na mafuta inayotangulia kidonge hukata mwale wa kwanza mapema, kwa hivyo viweke mita moja au mbili kutoka mdomo wa mtutu. Vile vinavyotegemea mwanga wa chumba huchanganywa na taa zinazopepesa. Vihisi viwili havina wepesi uleule wa kuitikia, na njia rahisi ya kuligundua hilo ni kuvibadilishana nafasi, wa kwanza uwe wa pili, kisha kupiga tena. Kidonge kikipita kimshazari kwa nyuzi 5 kosa halifiki hata nusu asilimia, hilo lisikusumbue.

Kumbuka lakini umepima nini: kasi ya wastani kati ya mwale na mwale, yaani kasi ya katikati yao. Kasi ya mdomoni ilikuwa kubwa kidogo, na ya lengoni itakuwa ndogo.

Maikrofoni

Hii ni ya asiye na kitu isipokuwa simu. Rekodi mlio wa mtambo na mlio wa kugonga, fungua sauti kwenye programu yoyote ya kuhariri, hesabu muda kati ya vilele viwili. Simu inayorekodi mara 44,100 kwa sekunde inaona hatua za mikrosekunde 23, jambo ambalo Robins angelipa chochote kulipata.

Tatizo ni kwamba sauti nayo inasafiri. Ukisimama na simu karibu na mtambo huku lengo likiwa mita 10, mlio wa kugonga unachelewa milisekunde 29 kukufikia, na kwa kidonge cha mita 150 kwa sekunde, ambacho safari yake yote ni milisekunde 67, huko si kuchelewa kwa kupuuza. Wengi huanza kuhesabu kasi ya sauti kwa joto la siku hiyo. Hakuna haja. Iweke simu katikati kabisa, mita 5 kutoka kila upande. Milio yote miwili itachelewa sawasawa na kosa litajifuta lenyewe.

Jibu unalopata ni wastani wa safari nzima, kwa hiyo daima litakuwa chini ya lile la vihisi vilivyo karibu na mtutu, na kadiri kidonge kinavyokuwa chepesi ndivyo tofauti inavyokua. Chumba chenye mwangwi kinaivuruga. Kitu kinachoipita sauti kinaiharibu kabisa, maana kinaburuta wimbi lake la mshtuko ambalo maikrofoni italisikia kama mlio wa tatu.

Kamera

Nasema wazi: kwa kupima kasi peke yake, kamera ya simu ni chaguo baya. Kwa fremu 240 kwa sekunde, kidonge cha mita 150 kwa sekunde kinaruka sentimita 62 kati ya fremu na fremu. Utabahatika kukiona mara mbili, na hata hapo kitakuwa mstari wa ukungu, si kidonge. Gololi ya mita 20 kwa sekunde, sawa, kamera inaimudu. Ila angalia rula unayoiweka ukutani nyuma: kama gololi inapita mita 2 kutoka kwenye kamera na ukuta uko mita 2.2, kila umbali utasomeka asilimia 10 zaidi, na hakuna fremu za ziada zitakazokuokoa.

Thamani ya picha iko kwingine kabisa, nayo ni kuonyesha kinachotokea. Mwaka 1886 Peter Salcher, kwa maelekezo ya mwanafizikia Ernst Mach, alipiga picha za risasi zilizoipita sauti huko Fiume, mji unaoitwa Rijeka leo. Risasi yenyewe ilisababisha cheche ya umeme, cheche ikawa ndiyo mwanga wa picha, na kwenye sahani ya picha kikaonekana kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: wimbi la mshtuko limeifunika risasi kama maji yanavyoifunika pua ya mashua. Halafu njoo uangalie ujanja huu. Pembe ya wimbi hilo inategemea kasi tu. Risasi inayokwenda mara mbili ya sauti, kila upande wa wimbi lake umeinama nyuzi 30 kutoka kwenye njia yake. Kwa picha moja na kipimapembe cha shule unasoma kasi, hakuna saa wala rula. Ukiwa na maabara yenye vioo na cheche fupi, basi kamera inarudi juu ya orodha yangu.

Rada

Rada inatuma mawimbi, yanagonga kitu kinachokimbia, yanarudi yakiwa na masafa (mizunguko kwa sekunde) yaliyobadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo kasi. Kwa rada ya gigahezi 10.5, risasi ya mita 300 kwa sekunde inaleta badiliko la mizunguko 21,000 kwa sekunde. Kidonge cha mita 150 kinaleta 10,500, ambayo ukiiingiza kwenye spika unaisikia kama filimbi nyembamba, ikishuka taratibu kadiri kidonge kinavyopunguza mwendo. Nilipoisikia mara ya kwanza niliirudia mara nane bila sababu ya kisayansi.

Kushuka kwa filimbi hiyo ndiko rada inakowaacha wenzake. Vihisi vinakupa namba moja, gogo linakupa namba moja, rada inakupa mchirizi mzima wa kasi kutoka mwanzo wa safari. Anayetafiti namna hewa inavyokizuia kitu hana njia bora, maana kwa gogo ingembidi apige mamia ya vidonge kwa umbali mbalimbali, kama Robins. Charles Hutton aliyefuata nyayo za Robins katika chuo cha kijeshi cha Woolwich alifanya hivyo kwa miaka.

Ubaya wake ni bei, na pia udogo wa kitu: kidonge kidogo kinarudisha mwangwi hafifu na rada hukipoteza mapema. Lazima iwe karibu na mstari wa njia, kwa sababu inaona sehemu ile tu ya mwendo inayoiendea au kuikimbia.

Ndani ya mtutu

Swali la tofauti kabisa ni namna shehena ya baruti inavyofanya kazi kabla risasi haijatoka, na hapa njia zote tano ni vipofu. Hutton aliona kwamba kasi inakua kwa kipeuo cha pili cha uzito wa baruti, yaani shehena mara nne kwa kasi mara mbili, alimradi mtutu haukubadilika na shehena haikuzidi kiasi. Hilo ni umbo la jumla. Halisemi shinikizo lilipanda vipi.

Baruti ndani ya bunduki inaungua, hailipuki yote kwa mpigo mmoja. Moto unakula punje kutoka nje kwenda ndani, na shinikizo linapopanda moto unaharakishwa, nao unalipandisha shinikizo zaidi. Risasi inaposogea nafasi inaongezeka na kulishusha. Kasi ya mdomoni ni jumla ya msukumo wote huo njia nzima, kwa hiyo milio miwili inaweza kutoa kasi ileile huku mmoja ukiwa na kilele cha shinikizo cha hatari na mwingine ukisukuma taratibu hadi mwisho.

Ugumu wa kupima jambo hili unaonekana kwenye historia yenyewe. Robins alikisia kwamba gesi ya baruti, ikipoa, inachukua nafasi mara 244 ya baruti, na joto likiongezwa shinikizo linafika kama mara 1,000 ya hewa ya kawaida. Rumford mwaka 1797 alidai zaidi ya mara 50,000. Andrew Noble na Frederick Abel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1875 kwa kutumia vyombo vizito vya chuma vilivyofungwa, walipata kama mara 6,400. Tafiti tatu za watu makini, majibu yenye tofauti ya hadi mara hamsini, na kila mmoja alikuwa na sababu.

Noble alitumia kipande cha shaba kinachobonyezwa na pistoni: unapima kimefupika kiasi gani, unasoma shinikizo kwenye jedwali. Mshindani wake wa leo ni kihisi cha fuwele ya kwatzi, kinachotoa umeme kinapobanwa. Shaba ni rahisi na haiharibiki na ugumu wa kazi, lakini inatoa namba moja, na kwa kuwa shaba inahitaji muda kubonyea, kilele chake husomeka chini ya kile cha fuwele. Ndiyo maana majedwali ya shinikizo ya njia hizi mbili hayachanganywi. Fuwele inatoa mchoro mzima wa shinikizo na wakati. Kwa anayetaka kujua shehena inavyoungua, shaba haimsaidii.

Ningechukua nini

Kwa darasa, gogo kwanza, hata kama vihisi vipo kabatini. Kwa mradi wa mwanafunzi unaohitaji milio mia moja na jedwali safi, vihisi vilivyoachana mita moja. Maikrofoni kwa asiye na bajeti na mwenye uwanja wa wazi. Rada kwa swali la hewa, picha ya cheche kwa swali la mshtuko, fuwele kwa swali la shehena. Kamera ya simu ibaki kurekodi kumbukumbu ya jaribio, na kuonyesha nani alisahau kuvaa miwani ya kinga.

Ukiweza kuwa na viwili, weka vihisi mbele ya gogo upige kidonge kimoja kupitia vyote. Mara moja nilifanya hivyo na kikundi cha wanafunzi wanne. Vihisi vikasema mita 152 kwa sekunde, gogo likasema 171. Nusu ya kikundi ikawalaumu waliofunga vihisi, nusu ikaanza kukagua mizani. Tukapima upya umbali, tukabadilishana vihisi, tukahesabu upya kamba. Hakuna kitu. Ndipo mmoja akaokota kidonge sakafuni, mita mbili mbele ya gogo, kikiwa bapa. Tulikuwa tumeziba uso wa gogo kwa udongo wa mfinyanzi wiki moja kabla, ukakauka ukawa mgumu kama kigae. Kidonge kilikuwa kikigonga na kurudi, na gogo lilikuwa likipokea momenta ya kuja na ya kurudi pia. Tukabandua udongo, tukaukanda upya kwa maji, tukapiga milio kumi. Gogo likasoma 150.